Kusafisha mfumo wa kupoza injini nyumbani: kumwaga, kusuuza, kujaza na kutoa hewa

Katika nchi ambazo maji hayagandi barabarani, wenye magari wengi wamezoea kuiona kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, kama anasa ya watu wa Ulaya, na rejeta zao hujazwa maji ya bomba au ya kisima mwaka hadi mwaka. Hoja yao kuhusu baridi ni ya kweli, lakini kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti, na kwetu ndiyo ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni kulinda metali. Injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, inayoendesha Probox, IST na Fielder nyingi zilizojaa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, ina bloki na silinda hedi za alumini, silinda zenye kuta za chuma, na rejeta ya alumini iliyobanwa kwenye matangi ya plastiki. Metali hizo zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi, alumini huliwa polepole, kutu huchafua maji, na tope lake hukaa mahali pembamba zaidi, yaani kwenye mishipa ya rejeta na ya hita. Kulanti hubeba kemikali za kuzuia hali hiyo, na kemikali hizo huisha nguvu hata kama rangi bado inapendeza.

Mwongozo huu unatumia injini hiyo kama mfano, kwa sababu mpangilio wake ni wa kawaida: mfuniko wa shinikizo uko juu ya rejeta, na tangi la akiba liko pembeni. Hatua nyingi zinafaa kwa magari mengine, na tofauti zinazofaa kutajwa nitazitaja mahali pake. Magari ya haibridi kama Prius yasiguswe kwa mwongozo huu, kwa kuwa yana mzunguko wa pili wa kupoza inveta, wenye tangi lake na utaratibu wake wa kutoa hewa.

Kabla ya kufungua chochote

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, na "kabisa" maana yake ni saa kadhaa tangu gari lilipozimwa, au asubuhi kabla ya kuwashwa. Mfumo ukiwa na joto una shinikizo, na maji yaliyo ndani yanaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu tu mfuniko umeyabana. Ukiufungua, shinikizo hushuka, maji huchemka kwa mara moja na kuruka usoni. Kufunika mkono kwa kitambaa na kuzungusha mfuniko polepole si njia salama, ingawa utaiona ikifanywa kila siku kandokando ya barabara kuu.

Baada ya hapo, tazama kile ulicho nacho. Chovya kijiti safi ndani ya rejeta na uangalie kinachotoka. Maji ya rangi ya kutu yanahitaji kusuuzwa mara nyingi. Maji yenye utando wa mafuta, au mazito na meupe kama chai ya maziwa, hayatatibiwa na usafi wowote: huenda gasketi ya silinda hedi imepasuka, au, kwa gari la otomatiki ambalo mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, ukuta unaotenganisha mafuta na maji umetoboka. Hapo simamisha kazi na umwone fundi, kwa sababu kulanti mpya itakuwa fedha iliyomwagwa. Vivyo hivyo, ikiwa maji hupungua kila wiki na hujui yanakwenda wapi, tafuta uvujaji kwanza. Angalia pampu ya maji, ambayo ina kitundu kidogo cha kutolea maji sili yake inapochoka, kisha viungio vya mipira na mshono wa plastiki na alumini kwenye rejeta, sehemu inayopasuka sana gari linapozeeka.

Mfuniko wa rejeta nao ukaguliwe sasa. Watu huudharau kwa sababu ni kitu kidogo, ilhali kwa upande wa kuchemka hufanya kazi kubwa kuliko kulanti yenyewe: mfuniko ulioandikwa 1.1, yaani kilo 1.1 kwa sentimita mraba, hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 au zaidi kidogo, wakati mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji huongeza nyuzi 7 hivi. Anayeishi Nairobi, ambako maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, ana sababu zaidi ya kuutunza. Raba yake ikiwa imekakamaa au imepasuka, au springi yake imelegea, nunua mpya wenye namba ileile. Mfuniko una pia vali ndogo katikati inayoruhusu maji kurudi kutoka tangi la akiba injini inapopoa. Ukikuta mpira wa juu wa rejeta umenywea asubuhi, vali hiyo imeziba.

Vifaa, na habari ya maji

Utahitaji beseni pana la kuanzia lita 6, madumu matupu yenye vifuniko, faneli, glavu, koleo la kubania klipu za mipira, bisibisi, jeki pamoja na stendi zake, na kipande cha mpira mwembamba wa kuelekeza maji kutoka kwenye koki ya rejeta. Koki hiyo katika magari mengi ni ya plastiki, na plastiki iliyokaa kwenye joto kwa miaka 15 hukatika inapofunguliwa, hivyo ni busara kuwa na koki nyingine na oringi yake kabla ya kuigusa ya zamani.

Maji ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi na watu waangalifu. Kulanti nzito huchanganywa na maji yasiyo na madini. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayokula alumini. Maji mengi ya kaskazini mwa Tanzania yana floridi na madini mengine, ambayo huacha magamba mahali penye joto kali. Maji ya kunywa ya chupa ni afadhali kuliko ya kisima, lakini nayo yana madini. Yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, ambayo madukani huuzwa kwa jina la maji ya betri. Hapa soma lebo mara mbili, kwa sababu baadhi ya wauzaji huita hata asidi ya betri kwa jina hilohilo, na asidi ndani ya injini ya alumini ni maangamizi. Kwa kusuuza unaweza kutumia maji safi ya bomba ili kupunguza gharama, mradi msuuzo wa mwisho uwe wa maji yasiyo na madini.

Kulanti isichaguliwe kwa rangi. Rangi ni ya muuzaji, haina sheria yoyote, na sokoni kuna madumu ya maji ya kijani ambayo hayana glikoli, kiungo kikuu cha kulanti, hata kidogo. Tafuta lebo inayotaja ethilini glikoli na kiwango kinachotambulika, kama JIS K 2234 cha Japani au ASTM D3306 cha Marekani. Kwa magari ya Kijapani chagua ile yenye fosfeti na isiyo na silikati; magari ya Ulaya mara nyingi yana masharti tofauti, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Lebo itakueleza pia kama kulanti ni nzito, inayohitaji kuchanganywa, au iko tayari kumiminwa. Tofauti hiyo itakuwa na uzito mkubwa tutakapofika kwenye kujaza.

Ethilini glikoli ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto, mbwa au paka anaweza kuinywa kwa hiari, na kiasi kidogo huharibu figo. Usiiweke kwenye chupa ya soda, usiache beseni wazi hata kwa dakika chache, na anayeinywa apelekwe hospitalini mara moja bila kusubiri dalili.

Kumwaga

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P au kwenye gia ya kwanza. Ikiwa lazima uinue mbele ili kuifikia koki, weka stendi. Jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini ya gari. Fungua mfuniko wa rejeta, weka beseni chini, unganisha kipande cha mpira kwenye koki iliyo sehemu ya chini ya rejeta, kisha uifungue kwa vidole. Ikigoma, usiilazimishe kwa koleo. Ni rahisi zaidi kuulegeza mpira wa chini wa rejeta na kukubali kwamba maji yatatoka kwa fujo.

Toa tangi la akiba pia, ulimwage na ulisugue, kwa sababu matope mengi hulala humo na yatarudi kwenye mfumo mpya safari ya kwanza tu. Bloki ya injini ina skrubu yake ya kumwagia maji, na kitabu cha fundi kinaelekeza ifunguliwe. Kwa mtu wa nyumbani, ninaona si lazima: mara nyingi iko mahali pagumu, imeshikwa na kutu, na kuivunja huzua kazi kubwa kuliko faida yake. Ukiiacha, kubali kwamba karibu theluthi moja ya maji itabaki ndani ya injini, na kwamba utayaondoa kwa kusuuza.

Pima kiasi kilichotoka kwa kukimimina kwenye madumu. Namba hiyo iandike, utaihitaji.

Kusuuza

Funga koki, jaza maji safi, rudisha mfuniko, weka hita kwenye joto la mwisho na feni yake kwenye kasi ndogo, kisha washa injini. Katika magari yenye vali kwenye mpira wa hita, vali hiyo hufunguka pale tu hita inapowekwa kwenye joto, na pwani kuna magari ambayo hita zake hazijawahi kuwashwa tangu yashuke melini. Maji yaliyolala humo ndiyo machafu kuliko yote.

Acha injini iungurume hadi themostati, vali inayofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji kupita kwenye rejeta, ifunguke. Utaitambua kwa mpira wa chini wa rejeta, ambao hukaa baridi kwa dakika kadhaa na kisha hupata joto ghafla. Katika 1NZ-FE themostati huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini tu, hivyo anayezima mapema amesuuza nusu ya mfumo. Endelea kwa dakika 10 nyingine, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia hadi kinachotoka kiwe safi. Kwa gari lililotunzwa mara mbili au tatu zinatosha, na kwa lililokunywa maji ya kisima tenga siku nzima. Usijaribu kufupisha muda kwa kumimina maji baridi kwenye injini yenye moto, kwa maana silinda hedi ya alumini hupinda au kupata ufa.

Dawa za kusafishia zinazouzwa madukani zina nafasi yake pale penye kutu nyingi, zikitumiwa kwa maelekezo na kusuuzwa zote. Sabuni ya vyombo haifai, hutoa povu, na povu ni hewa. Maji ya bomba yenye nguvu yasipigwe moja kwa moja kwenye hita, kwa kuwa mishipa yake ya zamani hupasuka, na kuibadilisha hulazimu kung'oa dashibodi.

Huu ndio wakati wa kuzungumzia themostati, kwa sababu ukiifungua unaweza kukuta haipo. Mafundi wengi huitoa gari linapochemsha, na kwa siku chache gari huonekana limepona. Kinachotokea ni kwamba injini haifikii tena joto lake: kompyuta huendelea kumimina petroli kama ya asubuhi, mafuta hutumika zaidi, oili hukusanya unyevu, na tatizo la asili, liwe rejeta iliyoziba au feni isiyowaka, limefichwa tu. Rudisha themostati mpya yenye nyuzi zilezile. Vali yake ndogo inayocheza iwekwe upande wa juu, kwani ndiyo njia ya hewa ya kutokea wakati wa kujaza. Ukitaka kuipima, ining'inize ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto, isiguse chini, na uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi.

Hesabu ya kujaza

Hapa kosa hufanyika bila mtu kujua. Tuseme mfumo mzima wa gari lako, kwa mujibu wa kitabu, ni lita 5, na baada ya msuuzo wa mwisho zimetoka lita 3.2. Ndani zimebaki lita 1.8 za maji matupu. Ukinunua kulanti iliyo tayari, yenye nusu glikoli, na kumimina lita 3.2, umeingiza lita 1.6 za glikoli katika lita 5, ambayo ni asilimia 32 tu, na kinga ya kutu imepungua kwa kiwango hichohicho ingawa rangi inaonekana barabara.

Kwa hiyo, kama umesuuza kwa maji, tumia kulanti nzito. Gawa ujazo wa mfumo kwa mbili: lita 2.5 za kulanti nzito zitangulie, kisha ujazie maji yasiyo na madini hadi mdomoni, nayo yale lita 1.8 yaliyobaki yatakamilisha nusu ya pili. Kulanti iliyo tayari inafaa pale unapomwaga na kujaza bila kusuuza, kwenye gari ambalo lilikuwa na kulanti ya aina hiyohiyo. Wala usifikiri kwamba kuzidisha ni usalama. Maji hubeba joto vizuri kuliko glikoli, na mchanganyiko uliopita asilimia 60 huanza kuipoza injini vibaya zaidi.

Mimina polepole. Kasi ya kumimina ndiyo huamua kiasi cha hewa utakachohangaika nacho baadaye, kwa kuwa maji yanayoingia kwa nguvu huziba njia ambayo hewa ingetokea. Kila baada ya nusu lita, minya mpira wa juu na wa chini kwa mkono mara kadhaa. Utaona mapovu yakipanda na kina kikishuka. Endelea hadi kina kisishuke tena, ndipo ujaze tangi la akiba hadi alama ya F.

Kutoa hewa

Maji yakishaingia yote, wengi huhesabu kazi imekwisha, na hapo ndipo gari zima linapogeuka kuwa gari linalochemsha. Hewa iliyonaswa ndani ya silinda hedi haibebi joto, na pampu ikivuta hewa haisukumi chochote. Kihisi cha joto kikizungukwa na hewa badala ya maji hutoa taarifa ya uongo, na dashibodi inaweza kukaa kimya wakati hedi inaungua.

Inua mbele ya gari, au liegeshe likitazama mlimani, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kabisa pa mfumo. Fanya hivyo nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini huua. Hita ibaki kwenye joto la mwisho. Kama una faneli inayobana mdomo wa rejeta bila kuvuja, ifunge na uijaze hadi nusu. Hiyo hugeuka kuwa tangi la juu ambalo hewa hupandia na maji hushukia. Usipokuwa nayo, acha mfuniko wazi mwanzoni, washa injini ikiwa baridi, na uongeze mchanganyiko kila kina kinaposhuka. Simama pembeni, kwani mapovu makubwa huruka.

Maji yanapoanza kupanda na kutaka kumwagika kabla themostati haijafunguka, funga mfuniko na uendelee kwa pedali ya mafuta: ongeza mafuta taratibu hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, ushikilie kwa dakika chache, huku msaidizi mwenye glavu akiiminya mipira miwili kwa zamu, mikono ikiwa mbali na feni na mikanda. Subiri mambo matatu yatokee kwa pamoja: mpira wa chini uwe wa moto, hita itoe hewa ya moto isiyobadilika, na feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili. Hita ndiyo shahidi mwaminifu kuliko wote. Ikitoa baridi wakati injini imepata moto, au ikibadilika kila unapokanyaga mafuta, bado kuna hewa, na sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi huthibitisha hilo.

Toyota nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu ya baridi na nyekundu ya hatari tu. Kifaa cha bei nafuu cha kusoma kompyuta ya gari kupitia simu kitakuonyesha nyuzi halisi, nami naona ni fedha iliyotumika vizuri. Zikipita 105 na feni haijawaka, zima injini mara moja.

Subaru zina kifuniko kidogo cha kutolea hewa juu ya rejeta, na BMW nyingi zina skrubu ya aina hiyo karibu na tangi. Kifungue wakati wa kujaza hadi maji yatoke bila mapovu, ndipo ufunge. Injini za Subaru, ambazo silinda zake zimelazwa ubavu, hunasa hewa zaidi, na zile za turbo hujazwa kupitia tangi lao la juu. HiAce, ambayo injini yake iko chini ya viti na mabomba yake ni marefu, huhitaji subira zaidi ya gari dogo.

Zima, acha injini ipoe kabisa, fungua mfuniko na ujaze pengo utakalolikuta. Pengo hilo ni la kawaida.

Siku zinazofuata

Safari ya kwanza iwe fupi na karibu na nyumbani. Kwa siku tatu au nne, kila asubuhi kabla ya kuwasha, angalia rejeta na tangi la akiba. Kina kitashuka kidogo hewa ya mwisho inapotoka, kisha kitatulia kati ya L na F. Kikiendelea kushuka bila doa chini ya gari, angalia kama kuna mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikiunguruma, au moshi mweupe usiokatika kwenye ekzosi: hizo ni dalili za gasketi ya hedi, na hakuna utoaji hewa utakaozimaliza.

Kulanti ya zamani isimwagwe uani, kwenye mtaro au karibu na kisima. Ifunge ndani ya madumu yaliyoandikwa sumu, isichanganywe na oili chakavu, na uipeleke kwenye gereji kubwa inayokusanya taka za magari.

Mwisho, andika kwenye kipande cha utepe aina ya kulanti, tarehe na kilomita, na ukibandike chini ya boneti. Ratiba ya Toyota kwa kulanti yake nyekundu ya zamani ni kila kilomita 40,000 au miaka 2, na kwa ile ya waridi ni kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Kwa gari lililonunuliwa likiwa limetumika, ambalo historia yake haijulikani, hesabu ya mara ya kwanza haikuhusu. Anza na hiyo fupi.